Kabla ya Kugawa kwa Tano

Kong.

Ni sauti ya kifundo cha kidole cha mzee kikigonga mlango wa chuma mara moja tu, asubuhi ya baridi ya mwezi wa nane, mbele ya karakana ya Tovo hapa kwetu Betafo, kwenye nyanda za juu. Sisi tuliokuwa tunakunywa kahawa ng'ambo ya barabara tuliisikia. Haikuwa sauti ya kitu kilichoshiba. Ilikuwa na nafasi ndani yake, kama mtungi mtupu. Mzee Ralaivao aliinamisha kichwa akaisikiliza mpaka ikaisha, halafu akamgeukia fundi.

"Mbona chuma hiki kinalia kama kina njaa?"

"Ni rangi, babu. Bado mbichi," Tovo alijibu. "Ikikauka, kitakakamaa."

Mzee alifuta kidole kwenye blanketi alilojifunika. "Haya. Wewe ndiye unayejua, mwanangu."

Mlango ule ulikuwa wa kaburi. Siku nne baadaye ulipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ukafunikwa kwa mkeka mpya, ukapelekwa mlimani kuwafungia wafu kumi na saba wa ukoo wa Ralaivao. Tovo aliufuata kwa miguu, nyuma ya magurudumu. Wanawake waliokuwa wakichimba viazi walisimama wakamtazama, kwa sababu alitembea kama mfiwa, na yeye hakuwa amefiwa na mtu.

Jina lake kamili ni Tovoniaina, ila hata mkewe hulitumia pale tu wanapogombana. Baba yake alilima karoti. Yeye alipofika miaka kumi na tisa alishuka mjini Antsirabe, akaingia karakana ya fundi aitwaye Belo, akakaa miaka minane. Alianza kwa kusugua kutu kwenye fremu za vigari vya kukokota abiria, akamaliza akiwa yeye ndiye anayepewa kazi ambazo Belo mwenyewe hakutaka kuziharibu. Alikuwa na mkono mtulivu. Mshono wake ulilala juu ya chuma kama magamba ya samaki, moja likiegemea jingine, bila pengo.

Alichokosa ni ulimi. Akitumwa kumtajia mteja bei, alitazama viatu vya mteja, akasema, "Tutaelewana tu, ndugu." Belo alimcheka mbele ya wenzake.

"Huyu akiulizwa bei anaona haya kama bibi harusi. Siku ukifungua ya kwako, Tovo, nunua kasuku umweke mlangoni akutajie."

Lakini siku Tovo alipokuja kuaga, Belo hakucheka. Alimkalisha kwenye tangi la gesi lililokwisha, akamwambia maneno ambayo Tovo aliyaelewa baadaye sana.

"Watu wanadhani kazi inaanza unapowasha mashine. Inaanza unapofungua mdomo. Bei ukiikosea, mkono utatafuta njia ya kuifidia. Na mkono hauna dini."

Alifungua karakana yake karibu na njia ya soko, bati juu na kuta za mbao pande mbili. Mashine ya kuchomelea ilikuwa ya mtumba. Nusu ya fedha zake zilitoka kwenye akiba, nusu kwenye nguruwe wa mkewe, Voahangy, ambaye kila asubuhi huuza vitumbua vya mchele mlangoni pao. Kazi haikukosekana. Tatizo ni kwamba Betafo hakuna wateja. Kuna mashemeji, kuna wajomba, kuna yule aliyembeba mama yako mgongoni mwaka wa kimbunga. Utamtajia bei ukimtazama wapi?

Jioni Voahangy alikuwa akimhoji huku akikoroga maji kwenye sufuria lenye ukoko wa wali, kinywaji chetu cha baada ya chakula.

"Mama Fenitra amelipa ngapi zile nondo za madirisha?"

"Elfu sitini."

"Na chuma ulinunua ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Vijiti vya kuchomelea?"

"Vilikuwepo."

"Viliota wapi, bustanini?" Akaonja maji, akayaacha. "Na umeme? Na diski ya kukatia? Na siku tatu za mume wangu?"

"Yule ni shangazi wa upande wa baba."

"Basi umemlipa shangazi akupe kazi. Vitumbua vyangu mimi hata mama yangu mzazi ananunua, na chenji anahesabu."

Tovo alicheka, naye alicheka. Walikuwa bado wanaweza kulicheka jambo hilo.

Mwaka ule wa mlango, majira ya baridi, kaburi moja ng'ambo ya bonde la mpunga lilivunjwa. Wezi wa mifupa. Waliukunja mlango kama jani la kabichi, wakaingia, wakaacha sanda tu. Mifupa inakopelekwa hakuna anayejua; kila mtu ana hadithi yake na hakuna anayetaka kuimaliza. Watu wa kaburi lile mpaka leo ukikutana nao sokoni hawakutazami usoni. Wana ardhi, wana ng'ombe, lakini hawana wafu wa kuwageuza, hawana wa kuwavisha sanda mpya, na wao wenyewe hawajui watalazwa kando ya nani.

Ukoo wa Ralaivao ulikuwa umeshapangiwa na mnajimu siku ya kuwageuza wafu wao, yaani kuwatoa kaburini na kuwavisha sanda mpya kama tufanyavyo kila miaka saba, Alhamisi moja mwezi wa nane. Mlango wao wa zamani ulikuwa wa mbao. Mzee alishuka kwanza mjini kwa Belo, akatajiwa milioni tano. Akapanda kurudi, na kesho yake alikuwa mbele ya Tovo pamoja na wanawe wawili.

Wazee wetu huhesabu bado kwa faranga zilizokufa zamani. Fedha tuliyonayo mkononi ni ariari, na ariari moja ni faranga tano, kwa hiyo ukitajiwa bei unagawa kwa tano kimoyomoyo, haraka, kama mtu anayemeza mate. Hakuna anayekosea. Mtoto wa miaka saba anaijua.

"Belo ametaka milioni tano," mzee alisema. "Sisi tumejikusanya, watoto wote, na wa mjini pia, tumefika milioni mbili na robo. Wewe ni mtoto wa hapa. Wengine kati ya wafu hawa walikubeba utotoni. Unasemaje?"

Milioni mbili na robo. Tovo hakuwahi kulisikia neno milioni likielekezwa kwake. Liliingia masikioni kama wimbo. Aliwaona wale wana wawili wamevua kofia mbele yake, yeye mwana wa mlima karoti, na mzee anangoja.

"Sawa, babu," alisema.

"Chuma cha milimita nne, kama cha Belo?"

"Nne, babu."

Ralaivao aliomba kikombe cha maji. Akasimama, akatia vidole, akamnyunyizia Tovo kichwani, mabegani, kisha akainyunyizia na mashine, akiwaita mababu zake mmojammoja kwa majina waje waushuhudie mkono huu, usipungukiwe, usitetemeke, usikose mwenzake. Maji yalikuwa ya baridi ya asubuhi. Yalimteremka Tovo shingoni, yakaingia ndani ya shati. Na ni hapo tu, maji yakiwa yanapita kwenye uti wa mgongo, ndipo alipogawa kwa tano.

Laki nne na nusu.

Sahani ya chuma ya milimita nne peke yake, kule mjini, ilikuwa laki tatu na themanini. Bado fremu. Bado bawaba na komeo. Bado vijiti, diski, umeme, mkokoteni. Bado siku kumi na mbili za mkono wake.

Tovo aliniambia baadaye kwamba aliwafuata mpaka kwenye kona. Aliwaona wanashuka, mzee katikati, wanawe kando, wakitembea kwa wepesi wa watu waliotua mzigo. Nywele zake yeye zilikuwa bado zinadondosha maji. Ni nani anayemwita mzee aliyekwisha kumbariki, akamwambia, babu, nilichelewa kugawa? Baraka hairudishwi kikombeni. Alisimama pale, kisha akarudi.

Siku ya kununua chuma alisimama muda mrefu kwenye duka la mjini, kiganja juu ya sahani ya milimita nne. Muuzaji alimwuliza kama anataka kuinunua au kuiombea. Akanunua ya moja na nusu. Ile unaweza kuikunja kwa goti.

Alizikunja kingo zake kuelekea ndani, ili anayeutazama mlango kwa upande aone unene wa kidole. Kwenye bawaba, mahali panapostahili kuunganishwa mshono mzima, juu mpaka chini, alishikiza tu, nukta hapa na nukta pale, kama fundi cherehani anavyoshikiza nguo kabla ya kushona. Kisha hakurudi kushona. Aliziba mianya kwa pati, ule ujiuji wa kuzibia matundu, akasugua, akapaka rangi ya kahawia mara tatu. Ulikuwa mlango mzuri. Watu walisimama barabarani kuusifu.

Alhamisi ile ilikuwa na jua na upepo. Kaburi lilifunguliwa, wafu wakatolewa, wakalazwa juu ya mikeka, wakavishwa sanda mpya juu ya zile za zamani, wakabebwa mabegani na kuchezeshwa kwa tarumbeta na ngoma mpaka vumbi jekundu likapanda. Wali wenye mafuta na nyama ulitosha kila mtu. Tovo aliwekwa karibu na wazee, akapewa nyama ya nundu. Jua lilipoinama waliwarudisha wafu ndani mmojammoja, wakaufunga mlango, na Ralaivao akasimama mbele yake na ufunguo mkononi.

"Sasa tunaweza kulala," aliwaambia watu. "Milimita nne."

Watu wakapiga makofi.

Ilianza siku ya tatu baada ya hapo, mchana kweupe, Tovo akiunga miguu ya kitanda. Anayechomelea hushusha ngao usoni kabla ya kuwasha moto, na kioo chake ni cheusi kiasi kwamba mpaka cheche ya kwanza itoke huoni kitu. Ni giza la kitambo tu, kama kupepesa jicho. Katika giza hilo aliona bega.

Lilikuwa bega la bibi kizee, limefunikwa sanda, na lilikuwa limeegemea kitu. Uso haukuonekana. Alisimama kama anavyosimama mtu anayezuia mlango usisukumwe na upepo. Kijiti kikagusa chuma, mwanga ukawaka, bibi akatoweka. Tovo akamaliza mguu wa kwanza. Alipoishusha ngao kwa mguu wa pili, bega lilikuwepo.

Hakuwa bibi yake yeye. Hilo ndilo lililomchanganya. Wafu huja kwa watu wao. Mtu akimwota marehemu anasema nina baridi, ni mama yake au babu yake, na anajua la kufanya. Wafu wa wengine wana kazi gani kwako? Huyu hakusema kuwa ana baridi. Hakusema chochote. Alikuwa ameegemea tu, kwa sababu mlango peke yake hautoshi.

Akawa anawasha moto kwa haraka ili asimwone. Ndiyo maana kazi zake za miezi ile, ukizitazama vizuri, mwanzo wa kila mshono una kovu, halafu unanyooka.

Ndiyo miezi aliyoanza kubadilika. Alipigilia ubao ukutani, akaugawa kwa mistari, na kila mteja aliyekuja aliandikiwa palepale kwa chaki: chuma, vijiti, diski na umeme, usafiri, mkono. Ule mstari wa mkono ulileta maneno mengi.

"Mkono? Kwani mkono umeununua wapi?"

"Nilipewa na mama, mjomba. Lakini nyumbani wanakula kwa huu."

Tena kila sahani aliyoikata alitoa kipande kidogo cha pembeni, akampa mwenye kazi aondoke nacho, ili siku yoyote akitaka aje alinganishe. Watu walicheka. Wanawake walivitumia kuwekea sufuria.

"Tovo, siku hizi una bei kama daktari," Mama Fenitra alimwambia.

"Daktari hakupi kipande ukapime nyumbani, shangazi."

"Angalau daktari anauliza hali yako kwanza."

Wateja wengine wakamkimbia, wakisema amejaa majivuno. Wengine wakarudi, kwa sababu lango lake halikulegea. Jina lake likafika Antsirabe, likapita. Na kila alipokwenda, mlango wa Ralaivao ulikuwa umetangulia. "Ni yule wa mlango wa kaburi," walisema. "Yule aliyebarikiwa."

Alijaribu kulimaliza kimya. Alikwenda kwa mzee, akakaa kwenye mkeka, akazunguka kwa maneno ya hali ya hewa na bei ya ng'ombe, kisha akasema angependa kupanda mlimani na jenereta kuuongezea mlango nguvu kwa nje, bure.

"Kwani una kasoro?"

"Hapana, babu. Ni utaratibu wangu tu siku hizi. Narudia kazi za zamani."

Ralaivao alikohoa, akacheka. "Kaburi si baiskeli, mwanangu. Haliguswi mpaka miaka saba ipite tuwageuze tena, au mmoja wetu aende tumwingize. Ukiona una haraka, basi labda mimi nijitahidi kufa."

Wanawe waliokuwepo walicheka pia. Tovo akaaga.

Kupanda peke yake hakukuwezekana. Mtu akikutwa na vyuma mbele ya kaburi la watu, haulizwi. Siku moja alipanda mikono mitupu, mchana, kutazama tu kama bawaba bado zimesimama. Msichana aliyekuwa akichunga ng'ombe alimwona, akaacha ng'ombe wake, akakimbilia kijijini, na Tovo akashuka kwa njia ya mtoni na moyo mkononi.

Basi ikabaki njia moja tu, nayo hakuichagua. Ilimjia yenyewe, ikakaa. Alianza kumsikiliza mzee anavyokohoa.

Siku za soko alimngoja pale kwenye mizani ya karoti. "Umeamkaje, babu? Kifua?" Alimpelekea asali. Alimpelekea majani ya mkaratusi ya kujifukiza. Watu walisema, mtazame Tovo, mtoto wa watu, anavyomtunza mzee asiye wake. Na asali ile ilikuwa ya kweli, na huruma ilikuwa ya kweli, hilo aliniapia. Lakini mkono ukitoa chupa, masikio yalikuwa kifuani mwa Ralaivao, yakipima: kikohozi kimeshuka chini kidogo kuliko wiki iliyopita, pumzi ina mluzi, pengine baridi hii. Alikuwa akingoja kifo cha mtu anayempenda, kwa sababu siku hiyo kaburi lingefunguliwa na yeye angesema, ngojeni, nina mlango mwingine. Baridi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mzee akanenepa.

Katika muda huo makaburi mawili mengine yalivunjwa. Kila habari ilipofika sokoni Tovo aliuliza ni kaburi la nani kabla haijamalizika.

Mkewe ndiye aliyemfikia kwanza.

"Baba Tiana," Voahangy alisema mchana mmoja, akimwita kwa jina la mtoto wao huku akisugua vikaango vyake. "Ukisikia kuna msiba unauliza ni wa ukoo gani kabla ya kusema pole. Unamngoja nani?"

Akamweleza yote. Milioni, maji, milimita moja na nusu, bega. Voahangy hakuacha kusugua. Alisugua kikaango kimoja mpaka kikawa kama sarafu.

"Nenda ukamwambie."

"Nitakosa kila mteja. Mstari wa mkono ule, nani atauamini tena? Tutakula nini?"

"Sijui." Akaweka kikaango juani. "Ila yule bibi naye atachoka."

Hakwenda. Alikwenda mpaka mlangoni mara mbili, akarudi.

Kisha ikaja Jumatatu moja ya mwezi wa saba. Ralaivao alifika mwenyewe karakana, na nyuma yake shemeji yake, Rasendra, mfugaji wa Mandoto, mtu mnene mwenye kofia ya ukili na sauti ya mnadani. Sisi tulikuwa mahali petu pa kahawa.

"Huyu hapa," mzee alisema, akamwekea Tovo mkono begani. "Ndiye aliyetufungia sisi."

Rasendra alizunguka karakana, akagonga hiki, akainua kile. "Nimesikia bei yako inasomeka ukutani kama amri za kanisani."

"Karibu, baba. Unataka nini?"

"Mlango wa kaburi. Kwetu wameanza kuvunja. Nataka kama wa shemeji. Kila kitu kama wa shemeji."

Tovo alichukua chaki. Aliandika taratibu, mstari kwa mstari, akajumlisha, akageuka. Safari hii alitaja kwa fedha zote mbili, kama alivyokuwa akifanya siku zote sasa, ili asiachwe mtu nyuma. "Laki tisa na arobaini. Kwa faranga, milioni nne na laki saba."

Rasendra alivua kofia, akajipepea nayo, ingawa kulikuwa na baridi.

"Shemeji alilipa milioni mbili na robo."

"Ndiyo, baba."

"Mlango ule ule. Au wafu wa Mandoto ni wazito zaidi?"

"Chuma kimepanda, shemeji," Ralaivao alisema.

"Kimepanda, hakikupaa. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Ng'ombe akiuzwa nusu ya bei, ama ni wa wizi ama ni mgonjwa. Akiuzwa mara mbili ya bei, mwizi ni muuzaji. Sasa fundi, niambie, mimi ni mgeni na sijui: kati yangu na shemeji, ni nani aliyedanganywa?"

Alisema kwa utani, tumbo likicheza. Sisi ng'ambo tulicheka. Tovo alikuwa ameshika chaki mpaka ikavunjika.

"Mwache kijana wa watu," mzee alisema. "Wewe unajua ng'ombe, hujui watu. Mwaka ule alikuwa anaanza. Alinipa bei ya baraka. Alikula hasara yeye na mkewe kwa heshima ya wafu wangu, na hajawahi kunidai hata neno la shukrani. Hata mlango alitaka kwenda kuutengeneza bure. Nimewaeleza watu wote hivyo. Sivyo, mwanangu?"

Ilimtosha kuitikia kwa kichwa. Hata ulimi haukuhitajika.

Rasendra alivaa kofia yake. Aliutazama ubao mstari baada ya mstari, akaguna, akatia mkono ndani ya koti akatoa bahasha nene iliyofungwa kwa uzi.

"Kama ni hivyo, sawa. Nitalipa hiyo ya ukutani. Lakini uelewe, fundi, sikulipi kwa sababu ya ubao. Nakulipa kwa sababu ya ule mlango wa mlimani."

Bahasha ikawekwa juu ya meza ya chuma, kati yao watatu.

Tuliona Tovo anazima mashine, ile ngurumo yake ndogo ikakatika. Alivuta kiti kimoja alichokuwa nacho, akampanguzia vumbi, akamkalisha mzee. Ralaivao akakohoa, mara mbili, kutoka ndani. Tovo aliniambia kwamba hapo ndipo alipogundua hakuwa amekihesabu kikohozi hicho. Akachuchumaa mbele ya kiti, magoti yake karibu na magoti ya mzee, mikono yote miwili wazi juu ya mapaja. Akaisukuma ile bahasha kidogo kwa kiwiko, imrudie Rasendra.

Hatukusikia alichosema. Rasendra ndiye aliyetueleza baadaye, na yeye pia, aliyekuwa hatua moja tu kutoka pale, ilimbidi ainame.

"Haikuwa baraka, babu. Ni milimita moja na nusu."